Nyumba Ipo, Mkataba Haupo: Jibu kwa Anayehamia Mji Mdogo

Swali: Nimepata kazi katika mji mdogo ambako sina ndugu wala rafiki, na natakiwa kuripoti baada ya wiki 7. Nimetafuta nyumba kwenye intaneti mwezi mzima, nikaona matangazo mawili tu, na kote nilipopiga simu niliambiwa nyumba imeshachukuliwa. Mtu mmoja wa huko kazini ameniambia kuna nyumba ya mzee aliyefariki, imekaa tupu karibu mwaka. Mtoto wake yuko tayari kunipangisha, ila anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na anasema kwao hawaandikiani mikataba kwa sababu wote wanajuana. Niikubali? Na nikiikosa hiyo, nyingine nitaipataje?

Jibu: Ndugu msomaji, barua yako ina maswali mawili, na nimeona niyatenganishe tangu mwanzo kwa sababu kila moja lina njia yake. Kutafuta nyumba mahali padogo ni kazi inayofanywa kupitia watu, yaani kwa kujulikana, kuuliziwa na kupelekwa. Kuipanga nyumba hiyo ni kazi inayofanywa kwa maandishi, hata kama mwenye nyumba ni mtu mliyecheza naye utotoni. Wageni wengi ninaowashauri huyageuza mambo haya: hutafuta kwa maandishi, wakikesha kwenye matangazo, na wakishapata hupanga kwa maneno ya mdomo kwa kuogopa kumuudhi mwenyeji. Nusu ya kwanza ya kosa hilo umeifanya kwa mwezi mzima, na sasa unashawishiwa kufanya nusu ya pili.

Tuanze na sababu ya matangazo kutokusaidia. Katika jiji kubwa nyumba za kupanga ni nyingi na mwenye nyumba hana namna ya kuwajua wapangaji, kwa hiyo hutangaza. Mahali padogo nyumba za kupangisha huhesabika, na mpangaji anapotoa notisi, habari huwa imeshamfikia mpangaji mwingine kabla mwenye nyumba hajafikiria kuandika tangazo. Hayo mawili uliyoyaona huenda yalikuwa yamekwisha kazi zamani na hakuna aliyejisumbua kuyaondoa. Lakini nyuma ya idadi hiyo ndogo kuna nyumba nyingine ambazo mgeni hazioni, kwa sababu hazijaingia sokoni kabisa. Kuna ya mtu aliyehamia mbali kikazi, kuna iliyojengwa kwa ajili ya uzeeni, kuna vyumba vya uani alivyojengewa mtoto ambaye sasa ana kwake, na kuna za mirathi kama hiyo uliyoambiwa. Wenyewe hawajakataa kupangisha. Hawajaamua tu, kwa kuwa hofu yao ya kumpata mpangaji mkorofi ni kubwa kuliko hamu yao ya kodi. Unayemtafuta, basi, ni mtu anayeweza kushawishika kufungua nyumba yake, na mtu wa namna hiyo husikiliza neno la anayemwamini kuliko tangazo lolote.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujieleza. Andika maelezo mafupi, yasiyozidi nusu ukurasa: wewe ni nani, unakuja kufanya kazi gani na wapi, mtaishi wangapi, unataka kuingia tarehe ngapi na unatarajia kukaa kwa muda gani, unaweza kulipa kodi hadi kiasi gani, na mwenye nyumba wako wa sasa anapatikana vipi akihitajika kukutolea ushuhuda. Maelezo hayo mpe mwajiri wako kabla ya mtu mwingine yeyote. Ofisi iliyokuajiri mahali kama hapo imeshawahi kutafutia watu nyumba, na mara nyingi ina orodha kichwani hata kama haina karatasini. Papo hapo uliza swali ambalo nashangaa ni wachache wanaoliuliza: mtu ninayempokea nafasi yake alikuwa akiishi wapi? Kama anahama, nyumba yake inabaki wazi karibu na siku ile ile unayoihitaji, na mwenye nyumba huyo ameshazoea mpangaji anayelipwa mshahara na mwajiri huyo huyo. Nimeona nyumba ikipita kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwalimu mara tatu bila kutangazwa hata siku moja.

Baada ya mwajiri, wafuate wale ambao kazi yao huwaingiza katika nyumba za watu. Fundi bomba, fundi umeme na msoma mita wanajua nyumba ipi imekaa bila kutumia maji tangu lini, nani amehamia kwa mwanawe, na paa la nani linavuja. Mwenye duka anajua nani anafunga mizigo. Viongozi wa dini, wakuu wa shule na wauguzi wanajulikana na kila mtu, na neno lao lina uzito. Kama kuna dalali, mtumie, lakini kumbuka kwamba mahali padogo dalali ni mmoja au wawili, na riziki yao yote inategemea kutogombana na wenye nyumba. Usitarajie akupiganie wewe. Ujira wake ulipwe mkataba ukishasainiwa na funguo zikiwa mkononi mwako. Anayedai fedha ili tu akuonyeshe nyumba, au anayetaka utume amana ukiwa bado uko mbali kwa maelezo kwamba kuna wengine watatu wanaisubiri, achana naye, hata picha ziwe nzuri namna gani. Picha za nyumba ya mtu mwingine hupatikana bure.

Halafu nenda mwenyewe. Ukiweza kupata siku tatu za kukaa huko kabla ya kuhamia, siku hizo zitakufaa kuliko miezi miwili ya simu. Tembea kwa miguu mchana, katika siku za kazi, na ukiona nyumba ambayo nyasi zimefika madirishani usigonge mlango. Muulize jirani ni ya nani na anapatikana vipi. Ukiongea na mwenye nyumba huyu, usimseme yule wa jana, kwa sababu huenda ni shemeji yake. Vilevile usiwaahidi wawili kwa pamoja kwamba utachukua nyumba zao. Mjini ungepotea katikati ya watu. Hapo, ahadi uliyoivunja itakuwa imefika kazini kwako kabla hujaripoti.

Ninapendekeza pia, kama wiki hizo saba zinakubana, uchukue malazi ya muda: chumba kwa mtu, nyumba ya wageni inayokubali malipo ya mwezi, au makazi ya wafanyakazi kama yapo. Wengi huliona hilo kama gharama ya bure, lakini aliyekwisha kuingia mjini anatafuta kwa utulivu, na watu wamemwona anavyoamkia, anavyolipa madeni yake dukani na anavyorudi nyumbani usiku. Kuna tahadhari moja hapa. Mahali panapopokea watalii, wanafunzi au vibarua wa msimu, nyumba huonekana kuwa tele katika miezi ya ukimya na hupangishwa kwa kodi nafuu, kisha mpangaji huombwa kuondoka msimu ukianza kwa kuwa mgeni wa wiki moja analipa zaidi. Uliza waziwazi: nyumba hii ni ya mwaka mzima au ni ya miezi ambayo haina wageni?

Kuhusu kiwango cha kodi, mahali penye nyumba chache hakuna bei ya soko unayoweza kuisoma mahali. Kuna bei aliyoizoea mwenye nyumba na bei anayodhani mgeni ataimudu. Waulize wapangaji watatu wanalipa kiasi gani na kodi hiyo inajumuisha nini. Hilo la pili ndilo lenye siri, kwa sababu nyumba ya bei ndogo ambayo maji yake hununuliwa na iko mbali na kazini inaweza kukugharimu kuliko ile uliyoiogopa. Angalia pia kipindi cha malipo. Kodi inayotajwa kwa kila wiki 4 siyo kodi ya mwezi: mwaka una wiki 52, kwa hiyo utalipa mara 13 badala ya 12, na tofauti hiyo ni zaidi ya asilimia 8.

Sasa tuje kwenye nyumba ya marehemu. Swali la kwanza halihusu chumba wala choo, linahusu mamlaka. Mtu akifariki, nyumba yake haigeuki papo hapo kuwa ya mtoto mwenye funguo. Inakuwa sehemu ya mirathi, na hadi mirathi hiyo isimamiwe na kugawanywa kwa taratibu za nchi husika, anayeweza kuipangisha ni msimamizi aliyetambuliwa kisheria, au warithi wote kwa pamoja. Niliwahi kumsaidia mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka kwa kijana mpole, mwenye funguo zote na picha ya baba yake ukutani. Mwezi wa nne dada wa kijana huyo alishuka na masanduku mawili na watoto, akasema haya ni makazi ya baba yangu na mimi ndiye niliyeteuliwa kusimamia mirathi. Hakuna aliyekuwa mwongo pale; kijana aliamini kweli kwamba amekubaliwa na wenzake. Lakini mpangaji ndiye aliyelala kwa rafiki kwa wiki sita, na fedha yake ilirudi kwa vipande.

Kwa hiyo muulize mtoto wa marehemu, kwa upole na bila kumhukumu, mambo matatu: msimamizi wa mirathi ni nani na hati ya kumteua iko wapi, warithi ni wangapi na wapi walipo, na je, nyumba iliwekwa dhamana ya mkopo wowote. Kama msimamizi ni yeye, mkataba ausaini kwa cheo hicho na nakala ya hati iambatanishwe. Kama mirathi haijafunguliwa, omba barua moja iliyosainiwa na warithi wote, inayosema wamekubali nyumba ipangishwe na wamemteua fulani kupokea kodi kwa niaba yao. Ndugu wanaopatana huiandika barua hiyo kwa siku mbili. Wakikaa wiki tatu wakizungushana, umeshapata jibu ulilokuwa unalitafuta. Uliza vilevile kama familia inafikiria kuuza. Katika mifumo mingi ya sheria mnunuzi huichukua nyumba pamoja na mpangaji aliyemo na huufuata mkataba wake, lakini ulinzi huo una masharti, na mpangaji asiye na karatasi hupata shida kuonyesha kwamba aliwahi kuahidiwa muda wowote.

Nyumba iliyokaa tupu mwaka mzima hukaguliwa kwa namna yake, na hapa nitakaa kidogo. Usiende kuiona jua likiwa kali tu. Nenda siku ya mvua au kesho yake, na urudi mara ya pili jioni ili usikie kelele za jirani na ujue kama simu yako inashika mtandao ukiwa chumbani. Ukiingia utakutana na harufu. Kama inatoka chooni na jikoni, huenda si tatizo kubwa: kile kipande cha bomba kilichopinda chini ya sinki hubaki na maji ili kuzuia harufu ya mtaro, na nyumba ikikaa muda mrefu bila mtu maji hayo hukauka. Fungua bomba zote kwa dakika chache, vuta maji ya choo, kisha toka nje upige soga robo saa. Ukirudi harufu ikiwa imepungua, ilikuwa ukavu tu. Ikiwa imebaki vilevile, kuna bomba lililopasuka au tangi la maji taka lililojaa, na hilo si la kuachiwa mpangaji. Uliza tangi hilo lilinyonywa lini. Kwa familia ya kawaida huhitaji kunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5 hivi, na warithi mara nyingi hawajui hata liko upande gani wa uwanja.

Ukiwa hapo hapo, funga bomba zote, soma namba kwenye mita ya maji, subiri nusu saa bila mtu kugusa maji, kisha soma tena. Namba ikisogea, kuna mahali maji yanavuja chini ya ardhi au ndani ya ukuta, na bili utakayolipa ni ya maji ambayo hutayaona. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba na uangalie saa: ikijaa kwa dakika moja hali ni nzuri, ikichukua dakika 5 unapata lita 2 kwa dakika, na watu wanne hawataweza kujiandaa asubuhi kwa kasi hiyo. Maji yaliyotuama katika tangi na mabomba kwa miezi mingi huweza kuota bakteria, kwa hiyo tangi lioshwe na mabomba yasukumwe maji kabla hujaanza kuyanywa au kuyaoga. Kama chanzo ni kisima, maji yapimwe, hata kama jirani atakuapia kwamba ameyanywa tangu utoto.

Kisha vuta kabati kutoka ukutani. Jambo hili wenye nyumba hawalitarajii, na ndiyo maana nalipenda. Nyuma ya kabati rangi haijaguswa, na ukuta husema kweli yote: utaona mstari wa chumvi unaoonyesha unyevu umepanda hadi wapi, au madoa meusi ya ukungu, au alama iliyonyooka ya mafuriko ambayo mbele yake imefunikwa na rangi mpya. Angalia dari pembezoni, washa taa zote kwa pamoja, jaribu kila soketi kwa chaja ya simu, na tafuta kinyesi cha panya juu ya makabati na karibu na nyaya, maana panya hutafuna nyaya na nyumba tupu ni himaya yao. Kama kuna jiko la gesi, kifaa cha kuchemshia maji au bomba la moshi, pakaguliwe na fundi anayestahili kabla ya kuwashwa, kwa sababu ndege hujenga viota katika njia za moshi na gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu.

Nyumba za namna hii huwa na jambo jingine ambalo halimo katika vielelezo vya mikataba: chumba kilichofungwa. Familia huweka humo vitu vya marehemu, kisha huja kuvichukua kimoja kimoja kwa mwaka mzima, kila mmoja kwa wakati wake. Si vibaya, lakini kodi ya nyumba ya vyumba vitatu isilipwe kwa nyumba ya vyumba viwili, na mkataba useme chumba hicho ni cha nani, kitafunguliwa kwa taarifa ya siku ngapi, na kitakabidhiwa lini.

Hapo tumefika kwenye kauli ya “sisi hatuandikiani.” Usiipinge kwa kuonyesha kwamba humwamini mwenye nyumba, maana utakuwa umemtukana. Sema hivi, au namna inayofanana na hivi: “Mimi nakuamini, na ndiyo maana nataka kupanga kwako. Lakini nyumba ni ya warithi wote, na mimi ni msahaulifu. Tuandike yale tuliyokubaliana ili kesho mdogo wako akiuliza, usilazimike kumweleza upya.” Kisha jitolee kuandika wewe. Ukurasa mmoja au miwili kwa lugha ya kawaida, nakala mbili, saini zenu na za shahidi mmoja kila upande. Watu wengi wanaosema hawaandikiani wana maana kwamba hawajui kuandika mkataba na hawataki kumlipa mwanasheria. Kazi hiyo ikishafanywa, kipingamizi huisha. Katika nchi nyingi makubaliano ya mdomo ya upangaji wa muda mfupi ni halali, ila ni magumu kuyathibitisha, na ule wa muda mrefu hutakiwa kuandikwa na pengine kusajiliwa. Uliza masharti ya huko uendako.

Majina ya pande mbili, maelezo ya nyumba na uwanja wake, tarehe ya kuanza na ya kumalizika, kodi na siku ya kuilipa, nani analipa maji, umeme na taka: hayo kila mtu huyakumbuka. Mimi hutazama zaidi vifungu vitatu. Cha kwanza ni matengenezo. Isiandikwe kwamba “mpangaji ataitunza nyumba,” maana maneno hayo yanaweza kumbebesha mpangaji paa zima. Iandikwe kwamba paa, kuta, mfumo wa maji, wa maji taka na wa umeme ni vya mwenye nyumba, na vitu vidogo vinavyoharibika kwa matumizi, kama taa na koki, ni vya mpangaji. Kwamba tatizo litatolewa taarifa kwa ujumbe wa maandishi. Na kwamba likiwa la dharura na mwenye nyumba hapatikani kwa siku mbili, mpangaji anaweza kulitengeneza na kulikata katika kodi kwa kuonyesha risiti. Bila kibali hicho kilichoandikwa, usikate kodi hata kama una haki machoni pako, kwa sababu ukikata unageuka kuwa mdaiwa na hoja ya paa inasahaulika.

Cha pili ni kuondoka. Nani atatoa notisi ya muda gani, kodi inaweza kupandishwa lini na kwa taarifa gani, na itakuwaje mmoja wa warithi akitaka kurudi kuishi humo. Wewe pia unaweza kuhamishwa kikazi, kwa hiyo omba kifungu kinachokuruhusu kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja ukipata barua ya uhamisho. Mwenye nyumba huona kifungu hicho kuwa cha haki, kwa sababu sababu yake haitungiki.

Cha tatu ni kuingia ndani ya nyumba. Mahali ambapo watu hupita uani kwa watu bila hodi kubwa, mwenye nyumba hataona ajabu kuja kuchuma matunda ya mti aliopanda baba yake au kuwaonyesha wageni sebule yenu. Andika kwamba atatoa taarifa siku moja kabla, isipokuwa kwa dharura, na andika pia matunda ya uwanjani ni ya nani. Utacheka, lakini nimesuluhisha magomvi mengi zaidi ya matunda kuliko ya kodi.

Sasa miezi 6 ya kodi kwa mkupuo. Tofautisha kwanza kodi ya awali na amana. Kodi ya awali ni malipo ya muda utakaokaa, ukikaa, imekwisha. Amana ni fedha yako iliyoshikwa kwa ajili ya uharibifu au deni, nayo inarudi ukiondoka salama. Watu huyachanganya na baadaye hakuna ajuaye ni ipi inarudishwa. Nchi nyingi zimeweka mipaka: Ujerumani amana ya makazi haizidi kodi ya miezi 3, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu 3, England, tangu mwaka 2019, kwa nyumba nyingi haizidi kodi ya wiki 5. Tafuta kikomo cha huko unakokwenda kabla ya kujadiliana, kwa sababu huenda unachoombwa hakiruhusiwi kabisa.

Hata kama kinaruhusiwa, jiulize familia inataka fedha hiyo kwa nini. Mara nyingi kwa nyumba iliyokaa tupu jibu ni kwamba haina fedha za matengenezo. Kama ndivyo, una nafasi nzuri ya kupatana: toa kodi ya miezi miwili na amana ya mwezi mmoja, na miezi mingine mitatu au minne ilipwe moja kwa moja kwa mafundi kwa kazi zilizoorodheshwa, ikihesabiwa kama kodi. Fedha itakuwa imeingia kwenye paa linalokufunika wewe, na risiti za mafundi zitakuwa uthibitisho wako. Wakikataa na bado unaitaka nyumba, basi iandikwe kwamba nyumba ikishindikana kukalika, au mrithi akiichukua kabla ya muda, miezi ambayo haijakaliwa itarudishwa ndani ya siku 14. Lipa kupitia benki au simu kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba, na risiti itaje miezi inayolipiwa, siyo “nimepokea fedha” tu.

Siku ya kukabidhiwa funguo, pitieni chumba kwa chumba mkiwa pamoja, mkiandika hali ya kila kitu: kioo chenye ufa, mlango usiofunga, doa la dari. Piga picha, na piga picha ya mita ya maji na ya umeme namba zikisomeka, ili deni la mwaka wa marehemu lisije kuwa lako. Hesabuni funguo, na uombe ruhusa ya kubadilisha kitasa cha mlango wa mbele, maana katika nyumba iliyokaa tupu huwezi kujua ni majirani wangapi walipewa funguo “wa kuiangalia.” Wote wawili msaini orodha hiyo.

Wiki hii, basi, omba hati au barua ya warithi, na wakati unaisubiri umpelekee mwajiri maelezo yako na swali kuhusu yule unayempokea. Barua isipokuja, au mtoto wa marehemu akikataa katakata kuandika hata mstari mmoja, bado kuna njia moja ninayoweza kukuruhusu: kaa humo kwa kulipa mwezi mmoja mmoja, bila amana na bila malipo ya awali, huku vitu vyako vikubwa ukiviacha ulikotoka, na uendelee kutafuta. Hapo hasara yako kubwa kabisa itakuwa kodi ya wiki chache, na familia ile itakuwa imepata nafasi ya kukujua.